Mtambo Umefika, Nani Kafundishwa?



Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumwuguza ndugu yangu katika hospitali moja ya wilaya, ambayo jina lake nitalihifadhi. Siku moja nikachungulia chumba cha kutakasia vifaa. Pembeni palikuwa na mtambo mpya, unang'aa, wa kutakasia vifaa vya upasuaji kwa mvuke. Juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pana chupa ya chai. Hatua mbili kutoka hapo, sufuria ilikuwa ikichemka juu ya jiko la umeme, ndani yake mikasi na vibanio. Nikamwuliza mama mmoja mhudumu, mtu mzima, kwa nini hawautumii mtambo ule. Akacheka.

"Baba, huo si wetu. Siku ulipoletwa wakubwa walipiga picha nao, wakala chakula, wakaondoka. Sisi hatukuitwa."

Huenda mtu akasema, kwani sufuria ina ubaya gani? Maji si yanachemka? Hebu tuelewane hapa. Maji ya sufuriani, hata ukiyachochea moto usiku kucha, hayapandi kupita nyuzi 100. Na wako vijidudu, kama vile vya pepopunda, ambao mbegu zao huweza kustahimili maji yanayochemka. Mtambo wa mvuke hufunga mvuke ndani kwa shinikizo, hata joto likafika nyuzi 121. Vifaa visivyofungwa hukaa humo dakika 20, vilivyofungwa kwenye vitambaa dakika 30. Na dakika hizo huanza kuhesabiwa pale joto linapofika, si pale swichi inapobonyezwa. Mama anayepasuliwa ili mtoto atoke, au kitovu cha kichanga kinachokatwa usiku wa manane, hutegemea dakika hizo.

Sasa, mambo haya hayajulikani kwa kuutazama mtambo. Mhudumu ambaye hakufundishwa atashindilia vifurushi kama mtu anayefunga sanduku la safari, na mvuke utakosa pa kupita. Atatumbukiza mkasi wenye damu iliyogandia, asijue kwamba uchafu huukinga mdudu. Kifaa huoshwa kwanza, ndipo kikatakaswa. Ataona mistari ya ule mkanda wa karatasi imegeuka nyeusi, aseme kazi imekwisha, kumbe mkanda wa nje unaeleza tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Habari za ndani ya kifurushi hauna. Au wa chumba cha upasuaji watapiga kelele, "Leteni haraka!" naye atavitoa vikiwa vimelowa. Kitambaa kilicholowa hupitisha vijidudu kutoka mkononi mwake hadi ndani. Kazi yote imeharibika, na umeme umelipiwa.

Mhudumu huyo si mzembe. Anafanya kama alivyoona wenziwe wakifanya.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Mwezi Aprili mwaka huo, katika wodi yake walikuwa wakifa kina mama 18 hivi katika kila 100. Kufika Juni wakawa wanafa 2 tu na ushei. Ungedhani dunia nzima ingemkimbilia. La. Kitabu chake kilichelewa hadi mwaka 1861, na waliombishia aliwaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Dawa alikuwa nayo, na ilikuwa kweli. Kilichomshinda ni kuwafanya wenziwe waielewe na kuikubali. Kutoa amri kulikuwa kwepesi kuliko kufundisha, na nadhani hata leo ni hivyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba katika nchi maskini, vifaa vya hospitali karibu 40 katika kila 100 havifanyi kazi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ukosefu wa mafunzo. Si vipuri peke yake, si umeme peke yake.

Lakini nikisema mafunzo, sisemi semina ya hotelini, ambako mganga mfawidhi na katibu wake hutazama picha za mtambo ukutani, wakapokea posho, wakarudi na mikoba mipya. (Mikoba hiyo naiona sana sokoni siku hizi.) Anayepaswa kufundishwa ni yule anayepakia, anayesubiri, na anayefungua mlango. Afundishwe palepale penye mtambo, kwa Kiswahili, aambiwe sababu ya kila hatua, maana mtu anayejua kwa nini dakika ni 30 hatazikata ziwe 15 hata akipigiwa kelele. Apakie mwenyewe, akosee mbele ya mwalimu, arudie. Na wafundishwe watu wa zamu zote, kwa sababu wagonjwa hawachagui zamu.

Nilirudi katika hospitali ile mwaka uliofuata. Kitambaa cha kufuma hakipo. Muuguzi mmoja kutoka hospitali ya mkoa alikuwa amekuja, akakaa nao wiki mbili, akawafundisha watu wawili: yule mama na muuguzi kijana. Nilipotaka kuingia, mama alinizuia mlangoni, macho yake kwenye saa ya ukutani.

"Baba, ngoja. Bado dakika kumi na mbili."

Nikamwuliza mwenziwe yuko wapi. Akaniambia amehamishiwa wilaya nyingine, na kitabu cha maelezo ya mtambo amehama nacho. Zamu ya usiku wamerudi kwenye sufuria. Barua ya kuomba mtu mwingine afundishwe, alisema, imeshaandikwa, iko mezani kwa mkubwa.