Mikono Mitupu na Njia ya Nyumbani



Ndugu wapendwa wasikilizaji, hapa Mlandege, mjini Iringa, wengi wetu tukiulizwa kwetu ni wapi hatuutaji mtaa tunaolala. Tunataja Makete, Njombe au Ludewa. Tumejenga hapa na kuzaa hapa, lakini moyo umebaki kule. Na wapo miongoni mwetu ambao kwa miaka mingi hawajarudi kuwaona wazazi, kwa kuwa wamekosa cha kupeleka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nasi tumeifanya methali hiyo kufuli ya mlango wa nyumbani.

Barabara iendayo Mbeya inapita Ifunda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi Wapolandi, wengi wao akina mama na watoto. Mwaka 1940 na 1941 waling'olewa makwao, wakapelekwa Siberia na Kazakistani. Kuanzia mwaka 1942, wakipitia Uajemi, walifika Afrika ya Mashariki. Wengine waliwekwa Kidugala, na wengi zaidi Tengeru, karibu na Arusha. Huko Tengeru walijenga kanisa, wakafungua shule na kulima mashamba, huku wakingoja kurudi. Vita ilipokwisha mwaka 1945, mipaka ilikuwa imehamishwa, na vijiji vya wengi wao vilikuwa vimeingizwa katika Umoja wa Kisovyeti. Nyumba waliyoililia haikuwa yao tena. Wengine walihamia Uingereza, Kanada na Australia. Wengine makaburi yao yako Tengeru hata leo.

Zaburi ya 137 inawaonyesha Waisraeli wakilia kando ya mito ya Babeli. Naye Yeremia, katika sura ya 29, anawaandikia wafungwa hao hao wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji wanamokaa. Maandiko hayamkemei anayelia, wala hayamruhusu kutupa jembe.

Basi, tuutumikie mji huu kwa moyo wote. Nanyi makatekista, mgeni akija katika jumuiya, msimwulize jina tu. Mwulizeni na habari za kwao. Lakini tusisahau: wale wa Ifunda njia yao ilifungwa na wakuu wa dunia. Ya wengi wetu imefungwa na aibu tu. Baba wa mwana mpotevu hakutazama mikono ya mwanawe, alimkimbilia akamkumbatia. Mzazi hangoji mzigo, anamngoja mtoto. Twendeni angali hai.

Mungu awabariki. Amina.