Msaada Hauulizi Kadi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa matawi ya Morogoro mjini na ya milimani



Mmenitaka niseme juu ya vyama vya hisani na kazi za kuwasaidia watu hapa kwetu Morogoro. Nimelipokea agizo hilo kwa furaha, maana ni jambo linalomgusa kila aliyeketi hapa. Hakuna kati yetu ambaye hajapata kusaidiwa, wala hakuna aliye fukara hata akakosa cha kumpa mwenzake.

Nitasema mambo matatu. La kwanza, kusaidiana ni mali yetu wenyewe. Hatukuletewa na mtu. La pili, msaada waweza kuwa neema na waweza kuwa nira, nami nitaonyesha tofauti yake kwa habari za milima hii hii ya Uluguru. La tatu huenda lisiwapendeze wengine, maana linatuhusu sisi wanachama.

Ndugu zangu, nianze na hilo la kwanza. Katika Uluguru mtu hakuzaliwa peke yake. Alizaliwa katika lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na ardhi ilikuwa ya lukolo. Aliyekosa shamba alikwenda kwa wakubwa wa ukoo, akaonyeshwa mahali pa kulima. Aliyefiwa hakuchimba kaburi mwenyewe. Mtani alifika, akashika jembe, akafanya masihara hata wafiwa wakacheka katikati ya machozi, kisha akadai haki yake ya utani. Hiyo ilikuwa huduma ya jamii kabla neno hilo halijaandikwa katika karatasi yoyote ya serikali.

Tuliposhuka mjini hatukuiacha desturi hiyo mlimani. Nendeni Mwembesongo, nendeni Kihonda au Chamwino, mtakuta watu wa makabila mbalimbali, Waislamu na Wakristo, wameungana katika chama cha kufa na kuzikana. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna daftari. Kila mmoja hutoa ada yake. Ukipatwa na msiba, sanda inanunuliwa, wageni wanapata chakula, na hakuna anayekuuliza unatoka wapi. Akina mama nao wana upatu na vikoba vyao, na watoto wengi wamevaa sare za shule kwa fedha hizo.

Tena wako waliofanya kazi ya huruma kwa imani yao, nasi hatuna budi kuwashukuru. Masista wa Mgolole wamelea watoto waliopoteza mama zao. Katika misikiti yetu zaka na sadaka zimewafikia wajane na mayatima. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotutisha katika miaka ya 1990, na watu wakaogopa hata kumpa mgonjwa mkono, Faraja ya hapa Morogoro ilikuwa miongoni mwa waliothubutu kumkaribia mgonjwa na kumhudumia.

Wala tusijione kwamba sisi ni watu wa kupokea tu. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipohitaji mahali pa kusomesha vijana wao, nchi yetu, maskini kama ilivyokuwa, iliwapa ardhi Mazimbu, katika lililokuwa shamba la mkonge. Shule ya Solomon Mahlangu ilianzishwa hapo mwaka 1978, na baadaye wakapewa na Dakawa. Mwaka 1992 wakaturudishia Mazimbu ikiwa na majengo mazuri, na leo vijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanasoma humo. Tulitoa tulipokuwa hatuna, nasi tukapata. Basi mtu asije akatuambia kwamba Mwafrika ni wa kunyoosha mkono tu.

Sasa nifike kwenye jambo la pili. Wazee mliopo hapa mlisimuliwa na baba zenu, na wengine mliyaona mkiwa watoto. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Ilisema inataka kutusaidia. Ilisema udongo unachukuliwa na mvua, mito inachafuka, na dawa yake ni kuchimba matuta ya ngazi. Tuseme kweli: udongo ulikuwa unachukuliwa, na hata leo unachukuliwa. Katika jambo hilo bwana shamba hakudanganya.

Lakini hakuna aliyemwuliza mkulima. Kila mwenye nguvu alipangiwa matuta ya kuchimba, na asiyechimba akashtakiwa na kutozwa faini. Tena mahali pengi udongo mzuri ni mwembamba, uko juu tu. Ukichimba ngazi unaufukia ule mzuri na kuuleta juu ule wa chini usio na nguvu. Mkulima alitoka jasho, na mahindi yakawa haba kuliko zamani. Aliposema hivyo aliambiwa kwamba ni mvivu na mjinga. Mwezi wa Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo, wakakataa. Polisi wakatumia risasi na damu ya mwananchi ikamwagika. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja. Mpango ule ukafa, na watu wa milima hii wakajifunza kwamba wakisema kwa sauti moja watasikilizwa.

Sikilizeni sasa yaliyotokea baada ya kama miaka 50. Mto Ruvu unaanzia katika milima hii, na maji yake ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Katika miaka ya mwisho ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalikwenda Kibungo, upande wa mashariki ya Uluguru, yakazungumza na wakulima. Yaliwaambia hivi: ninyi mkitunza udongo, mtu wa Dar es Salaam atapata maji safi, basi ni haki anayekunywa maji amlipe anayeyatunza. DAWASCO, shirika lililogawa maji ya Dar es Salaam wakati ule, na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza wakakubali kutoa fedha. Wakulima wakaingia kwa hiari katika mapatano, wakachimba fanya juu, wakapanda miti, na wengine, ndugu zangu, wakachimba matuta ya ngazi!

Ni milima ile ile na mteremko ule ule, na jembe ni lile lile. Baba aliyakataa matuta, na mjukuu akayachimba kwa mikono yake. Ni kitu gani kilichobadilika? Kilichobadilika ni kwamba mjukuu aliulizwa kwanza, akajua kazi hiyo ni ya nini na malipo yake ni nini, tena alikuwa na ruhusa ya kukataa. Sisemi kwamba mradi ule haukuwa na kasoro. Ulitegemea fedha za watu wa mbali, nao ulikuwa na mwisho wake kama miradi yote. Lakini mafunzo yake ni makubwa: msaada wa amri ni nira hata ukiwa na nia njema, na msaada wa mapatano ni neema hata ukiwa mdogo.

Liko na jingine la kujivunia. Mwaka 1993 wakulima wadogo walianzisha MVIWATA, mtandao wa vikundi vyao, na makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro. Hawakutaka mtu mwingine awasemee. Walitaka mkulima ajisemee mwenyewe. Wafadhili walipotoa fedha za kujenga masoko, Nyandira na Tawa wakapata masoko yao. Mtu wa Mgeta mwenye karoti na kabichi zake akawa na mahali pa kukutana na wenye malori akiwa amesimama na wenzake, badala ya kuviziwa njiani peke yake. Fedha zilitoka nje, ni kweli. Lakini zilimkuta mkulima ana kikundi, ana viongozi aliowachagua, na anajua anachotaka. Fedha zikimkuta mtu hana umoja, zitamgawanya. Zikimkuta ana umoja, zitamwongezea nguvu.

Bwana Mwenyekiti, naja kwenye jambo la tatu, naomba mnivumilie.

Katika safari zangu za matawi nilifika kijiji kimoja cha milimani ambacho sitakitaja. Nilimkuta mama mmoja mjane, analea wajukuu wanne, nyumba yake inavuja. Nikamwuliza kama jina lake liliingia katika orodha ya kaya maskini. Akasema, "Mwanangu, niliambiwa nilete kadi ya chama. Kadi sina, na fedha ya kuilipia sina." Jirani yake, mwenye bati juu ya nyumba na duka mbele, aliandikwa, maana ni shemeji wa aliyeshika kalamu.

Ndugu zangu, maneno ya mama yule yalinichoma. Mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF, ulioanza mwaka 2012, haukuwa na kanuni ya kadi hata kidogo. Kanuni yake ilikuwa kwamba kijiji kikutane, watu waitaje wenyewe kaya iliyo duni kuliko zote, na majina yasomwe hadharani ili mwenye la kupinga apinge. Hiyo ni kanuni ya haki. Inaharibika pale mkutano unapoitwa usiku, au orodha inapoandikwa kwanza chini ya mwembe na kusomwa baadaye ili watu wapige makofi.

Hali kadhalika mikopo ya halmashauri. Sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili utaratibu wake utengenezwe, na mwaka 2024 ikarudishwa. Mbona ilisimamishwa? Kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirejeshwi, na vikundi vingine vilikuwa vya jina tu. Kila shilingi iliyoliwa na kikundi hewa ni shilingi aliyonyimwa kijana mwenye cherehani au mlemavu mwenye nia ya kufuga kuku.

Wako watakaosema, "Lakini chama hupata nguvu kwa kuwasaidia watu wake kwanza." Nawajibu kwa heshima: hiyo si nguvu. Mtu aliyenunuliwa kwa debe la mahindi atanunuliwa kesho kwa magunia mawili. Na yule aliyenyimwa hatasahau mpaka kufa kwake, na watoto wake watakumbuka. Mkoloni aligawa fadhila kwa majumbe waliomtii. Tukifanya kama yeye, tutakuwa tumebadili rangi ya mkono tu.

Kumbukeni tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka pale Msamvu na kulipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Siku ile watu wa Morogoro walibeba majeruhi, walijitolea damu, na waliwapikia wageni waliokuja kutafuta jamaa zao. Damu haikuuliza kadi. Makaburi hayakuuliza kadi. Ikiwa tunaweza kuwa ndugu katika moto, kwa nini tusiwe ndugu katika orodha?

Basi naomba mkutano huu ukubali maazimio manne.

Kwanza, kila orodha ya watu wa kusaidiwa isomwe mchana, katika mkutano wa kijiji au wa mtaa, kisha ibandikwe ukutani pa ofisi kwa siku 14, na kila mwanachama awe mlinzi wake.

Pili, kiongozi wa tawi atakayemdai mtu kadi kabla ya kumwandikia msaada wa umma ashtakiwe mbele ya kamati ya tawi, na akipatikana na kosa aondolewe katika uongozi.

Tatu, shirika lolote litakalokuja kwetu, la dini, la serikali au la wageni, tulipokee kwa adabu na kuliuliza maswali matatu: Mmetuuliza tunachotaka? Daftari la fedha litasomwa wapi? Mkiondoka, nani atabaki na ufunguo? Asiyeweza kujibu tumpe chai, tumsindikize.

Nne, kila tawi lianze kwa mali yake lenyewe. Tusingoje. Tawi lenye wanachama 40 likitoa siku moja kwa mwezi laweza kuezeka nyumba ya mjane mmoja kila mwezi. Mama yule niliyewaambia hahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Anahitaji bati chache, misumari, na vijana wanne wenye nguvu kwa siku mbili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba taifa linalotegemea zawadi na mikopo ya wengine haliwezi kuwa huru barabara. Maneno hayo tuliyaelekeza kwa mataifa makubwa. Leo nayaelekeza kwa kijiji na kwa mtaa. Mtu anayemwogopa mwandishi wa orodha hayuko huru, hata kama bendera yake inapepea. Kazi yetu sisi wanachama ni kumwondolea woga huo. Tukiifanya, watu watakuja kuomba kadi wenyewe, na watakuja wakiwa wima.

Bwana Mwenyekiti, natoa hoja.