Ajali Haina Kinga?



Kwetu ni Magamba, jirani na mji wa Mpanda. Miezi michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye uwanja wa ndege wa Mpanda, apande ndege kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Shangazi ni mtu wa gari moshi. Tangu ujana wake, safari kwake ni behewa la daraja la tatu, Mpanda hadi Kaliua, Kaliua hadi Tabora, na kikapu cha chakula mapajani. Siku hiyo alipoiona ndege imesimama, alinishika mkono akauliza: "Mwanangu, kile kikizimika huko juu, kinaegesha wapi?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami, kwa kutaka kumtuliza, nikampa jibu tunalopeana sote: "Shangazi, ajali haina kinga. Hata barabarani watu wanakufa."

Hakucheka. "Usiniambie maneno hayo," akasema. "Hayo ndiyo mliyotuambia siku ile ya kwenye kona."

Nikanyamaza. Habari ya kona nitaisimulia mwishoni. Kwanza tuutazame msemo wenyewe, maana wako watu waliokataa kuuamini, nao ni watu wa ndege. Na sehemu ya somo lao waliipata hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, Nairobi na kandokando yake.

Ndege za kwanza kuzoeleka Nairobi, katika miaka ya 1920, zilikuwa vyombo vyepesi vya mbao na kitambaa, vyenye injini moja. Machi 1928, Bibi Maia Carberry, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege katika Kenya, alikuwa akimfundisha kijana aitwaye Dudley Cowie. Ndege ikaanguka, wakafa wote wawili. Mei 14, 1931 ikawa zamu ya Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji. Aliruka kutoka Voi, na muda mfupi tu baada ya kuiacha ardhi ndege yake ikaanguka na kuwaka moto. Alizikwa katika vilima vya Ngong, na mwaka 1985 sinema ya Out of Africa ikamfanya ajulikane dunia nzima.

Lakini hakufa peke yake. Ndani ya ndege ile alikuwamo mtumishi wake, Mkikuyu jina lake Kamau. Waulize walioiona sinema: Kamau ni nani? Wengi watakutumbulia macho.

Hivyo ndivyo ajali zilivyokuwa enzi hizo. Mtu alikufa, akazikwa, mkubwa akakumbukwa na mdogo akasahauliwa, watu wakasema ni bahati mbaya. Swali la kwa nini ndege ilianguka liliachiwa wapiga soga.

Vyombo vikakua, na misiba ikakua navyo. Mei 18, 1955, Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, ikagonga Mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Mlima ule uko pale pale tangu babu zetu, na umo katika kila ramani. Huwezi kusema ulitokea ghafla.

Kufikia wakati huo mataifa yalikwishaanza kuchoka na maneno ya bahati mbaya. Mwaka 1944 yalikutana Chicago, Marekani, yakaweka mkataba wa usafiri wa anga. Mwaka 1951 zikaongezwa taratibu za kuchunguza ajali za ndege. Msingi wake ni huu: mchunguzi hatafuti wa kumfunga. Anatafuta sababu, ili jambo lile lisitokee tena. Lawama ni kazi ya mahakama.

Sasa twende Nairobi, asubuhi ya Novemba 20, 1974. Ndege kubwa aina ya Boeing 747, mali ya shirika la Lufthansa la Ujerumani, iliondoka uwanja wa Embakasi kuelekea Johannesburg. Ilikuwa na watu 157. Iliinuka kidogo tu, ikaanza kutetemeka, ikashindwa kupanda, ikaanguka ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia na kushika moto. Watu 59 walikufa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege za aina hiyo kuua abiria kwa kuanguka.

Wachunguzi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaingia kazini. Walikuta kwamba vibawa vidogo vya mbele ya bawa, ambavyo hufunguliwa ili kuiongezea ndege nguvu ya kuinuka, havikufunguka. Vibawa hivyo husukumwa kwa upepo unaotoka kwenye injini, na vali ya upepo huo ilikuwa imefungwa. Nairobi nayo iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ndege ilihitaji kila msaada wa mabawa yake, ikaukosa.

Ingekuwa ni sisi, shauri lingeishia hapo: wahudumu wa ndege walikuwa wazembe, basi. Wachunguzi hawakuishia hapo. Waliandika kweli kwamba wale waliokuwa chumba cha rubani hawakukamilisha sawasawa orodha yao ya ukaguzi. Lakini wakaandika vilevile kwamba ndege yenyewe haikuwa na kitu cha kuwaonya kuwa vibawa havijafunguka. Na kumbe kosa kama hilo lilikuwa limetokea mara mbili kabla ya hapo, katika ndege nyingine za aina hiyo! Mara zote mbili marubani waliwahi kuokoa chombo. Baada ya Nairobi, ndege hizo zikawekewa onyo.

Tafakari hapo, ndugu msikilizaji. Somo lilikuja bure mara mbili. Mara ya tatu likalipiwa roho 59.

Ndiyo maana leo rubani, hata awe amerusha ndege miaka 20, kabla ya kuondoka husoma orodha yake neno kwa neno, na mwenzake huitikia kama mwanafunzi wa madrasa. Hawaifanyi hivyo kwa kuwa hawajui kazi. Katika orodha ile mna makosa ya waliotangulia, na mengine yameandikwa kwa damu.

Sisemi watu wa ndege wamemaliza. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43, walikufa 19. Wa kwanza kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tuliwasifu, na walistahili. Lakini uwanja ulio kando ya ziwa unapomtegemea mvuvi aliyekuwa katika shughuli zake, hilo nalo ni la kuandikwa kwa wino usiofutika.

Sasa kona. Miaka kadhaa iliyopita, lori lililojaa watu na magunia likitoka mnadani lilipinduka kwenye kona moja ya kuelekea kwetu. Habari ile niliisoma mimi mwenyewe redioni. Ilikuwa mistari mitatu: idadi ya waliokufa, dereva alishindwa kulimudu gari, polisi wanaendelea na uchunguzi. Nikafunga karatasi yangu. Kijijini tukazika, tukasema ajali haina kinga.

Masika yaliyofuata likapinduka lori jingine, kona ile ile. Safari hii alikuwamo binti wa shangazi.

Baada ya matanga, mzee mmoja fundi baiskeli aliniita pembeni. Akaniambia kwamba kila masika maji hukata barabara pale na kuacha changarawe laini juu ya njia. Waendesha baiskeli huteleza hapo kila mwaka, naye ndiye anayewanyooshea magurudumu. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu, "Nani aliniuliza?"

Nami ndiye mwandishi wa habari, mwenye kalamu na kinasa sauti. Sikumuuliza.

Wahenga walisema, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi naomba jambo dogo. Kila wilaya iwe na daftari la ajali, na si la kuhesabu maiti tu. Liandike mahali, saa, mvua au jua, mzigo, hali ya breki, hali ya barabara. Liandike hata zile ajali ambazo nusura zitokee, na fundi baiskeli aulizwe. Daftari na kalamu havifikii bei ya jeneza moja.

Shangazi alipanda ndege yake, na macho yanaendelea vizuri. Kona ile, nilipopita mara ya mwisho, ilikuwa bado na changarawe.