Mapumziko ya Mfanya Kazi na Wajibu Wetu Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama, Bangale



Tumezoea kusikia hapa habari za kazi: watoto wasome, waajiriwe, wasiwe wavivu. Maneno hayo ni ya kweli wala siyapingi. Leo, hata hivyo, napenda kunena juu ya ndugu yake kazi, naye ni mapumziko.

Sisi wa Bangale tu watu wa mifugo. Kila mchungaji ajua kwamba ng'ombe halishwi mchana kutwa bila kukoma. Akisha kula na kunywa, huachwa alale kivulini acheue. Asipopata nafasi ya kucheua, majani aliyokula hayamfai, ijapokuwa malisho ni mema. Na ndugu zetu wakulima wa kandokando ya mto Tana wajua kwamba shamba lisilopumzishwa huchoka. Ikiwa twamhurumia ng'ombe, na udongo pia, mbona hatumhurumii binadamu?

Sheria ya nchi imekwisha kulitambua jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaagiza kwamba mfanya kazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na kila atimizapo miezi 12 kazini, apewe likizo, au livu kama tulivyozoea kuiita, ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili. Huo si ukarimu wa tajiri, ni haki. Dereva wa lori au basi naye amekatazwa kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Sisi tukaao kando ya barabara ya Garissa twajua maana ya amri hiyo, kwani usingizi humjia mtu hata akiwa ameshika usukani.

Tena mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza hesabu ya kutisha: kwamba katika mwaka 2016 watu wapatao 745,000 ulimwenguni walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo, kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma.

Lakini, wazee wangu, sikuja kumshitaki tajiri. Nimekuja kutushitaki sisi wenyewe.

Zamani nilipokuwa nimeajiriwa mbali na hapa, nilikaa miaka mitatu bila kuja nyumbani. Watu walidhani nimenyimwa livu. La, nilipewa kila mwaka, nami nikaomba nibaki kazini nilipwe fedha badala yake. Sababu ni livu iliyotangulia. Nilifika jua likitua, na kabla sijavua viatu walikuwapo watu wakiningoja: mmoja ana karo ya mtoto, wa pili ana madai ya mahari, wa tatu ataka nimwamulie ugomvi wa mbuzi waliopotea. Nilirudi kazini sina senti, na mwili umechoka kuliko nilivyoondoka. Nikajiapiza. Katika miaka ile mitatu baba yangu alipoteza nuru ya macho. Niliporudi, alinitambua kwa sauti.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi tazameni: mgeni tusiyemjua twampa siku mbili, bali mtoto wetu twampa jembe usiku ule ule aliofika! Na siku hizi jembe humfuata hata katika simu. Akiwa kazini sisi twamwita. Akiwa nyumbani tajiri amwita. Apumzike wapi?

Kwa hiyo naleta mbele yenu maombi matatu. La kwanza, ajaye kwa livu asipelekewe shauri wala mchango mpaka siku ya tatu. Michango ya chama ijulishwe mapema kwa barua, ili mtu asiogope kuja kwao. La pili, mchungaji tuliyemwajiri naye ni mfanya kazi mbele ya sheria. Siku yake moja katika juma ni deni letu. Tupeane zamu ya kumshikia mifugo. La tatu, mama wa nyumbani, achotaye maji na kutafuta kuni kila siku, hana tajiri wa kumwandikia livu. Livu yake imo mikononi mwetu, nasi tumeisahau.

Na ninyi vijana mlioajiriwa, msiiuze livu yenu kama nilivyoiuza mimi. Fedha ile nilikwisha kuitumia, wala siikumbuki ilikwenda wapi. Mkija, zimeni simu, mkae na wazee wenu, mtembee mpaka penye mifugo, mlale mchana bila haya.

Mtu asiseme kwamba nasifu uvivu. Mvivu hupumzika kabla ya kuchoka. Mfanya kazi hupumzika ili arudi kazini na nguvu zake.