Nani Aliyeleta Vita? Vitenzi vya Lawama katika Siasa za Vyama Tanzania



Mada niliyoichagua inahusu jambo dogo la sarufi ambalo uzito wake unaonekana zaidi nje ya sarufi. Nakusudia kuchunguza vitenzi ambavyo wasemaji wa vyama vinavyoshindana huvitumia ili kukipa chama kimoja hatia ya kuanzisha vita, na kingine sifa ya kuvizuia au kuvimaliza. Nitajaribu kuonyesha kwamba nomino "chama", inapokaa mahali pa mtenda katika sentensi za namna hii, humwondoa machoni petu mtu aliyetoa amri na mtu aliyefyatua risasi.

Mahali tulipo panafaa kwa mjadala huu. Chimwaga ilijulikana kwa mikutano ya chama kabla haijajulikana kwa mihadhara. Hapa ndipo Mkutano Mkuu wa CCM ulipomteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Bunge nalo liko mjini humu, na Taarifa Rasmi za Majadiliano yake ni hazina ya Kiswahili cha kisiasa ambayo wanaisimu wetu bado hawajaichimba inavyostahili.

Tabia ninayoizungumzia si ya kwetu peke yetu. Tarehe 15 Oktoba 1976, katika mdahalo wa wagombea wenza wa urais wa Marekani uliofanyika Houston, Bob Dole wa chama cha Republican alivitaja vita vikubwa vya nchi yake katika karne ya 20 kuwa ni vita vya chama cha Democratic. Alijumlisha Wamarekani waliouawa na kujeruhiwa, akapata milioni 1.6, watu wa kutosha kuujaza mji wa Detroit. Kwa sarufi yetu, kazi hiyo ingefanywa na -a unganifu: "vita vya chama fulani". Silabi moja inatosha kuvipa vita mwenyewe, kana kwamba Japani haikuishambulia Pearl Harbor.

Tuviangalie sasa vitenzi vyetu. Anzisha ni kauli ya kutendesha ya anza. Ina mtenda na mtendwa, na mtu anayedai kwamba fulani ameanzisha vita anaweza kuulizwa ni lini na kwa tendo gani. Maliza inatokana na mzizi mkongwe mala, ambao Kiswahili sanifu hakiutumii tena peke yake ingawa lugha nyingi za Kibantu zimeuhifadhi. Vitenzi hivi viwili vinapimika. Leta ni tofauti. Kinacholetwa kilikuwa kwingine, na sasa kimebebwa na mtu hadi hapa. Anayesema "wataleta vita" amekwisha kudokeza, bila kulazimika kuthibitisha, kwamba hapa hapakuwa na chanzo chochote cha vita. Mwenzake ni dumisha: huwezi kudumisha kisichokuwapo, kwa hiyo anayejisifu kwa kudumisha amani amekwisha kutamka kwamba amani ipo, na kwamba ipo kwa sababu yake.

Kisha kuna kundi la zuka, tokea na chafuka. Hivi havihitaji mtenda. Vita "vimezuka", machafuko "yametokea". Atakayesoma hotuba za kampeni kwa makini ataona mgawanyo huu: mabaya ya mpinzani huletwa, mabaya ya upande wetu huzuka.

Vita vikubwa pekee ambavyo taifa letu huru limepigana na taifa jingine, yaani vita vya Kagera, vilipiganwa wakati wa chama kimoja. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Hapakuwa na chama cha pili cha kulaumiwa, na lawama yote ilivuka mpaka ikamwangukia mtu mmoja, ambaye jina lake lilishikamana na neno "nduli" hata vijana wengi walidhani neno hilo ni sehemu ya jina lake. Hotuba ile ya Novemba inakumbukwa kwa nomino tatu: uwezo, sababu na nia. Nomino hizo ziliwahusu wanaokwenda kupigana, na ni sifa yake kubwa kwamba serikali iliyosema haikujificha nyuma ya "vimezuka".

Hata hivyo, swali la nani alianza lilikuwa na majibu mawili. Idi Amin alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda. Dai hilo halisimami kwa Oktoba 1978. Lakini mtu akianza kuhesabu Septemba 1972, atakuta wafuasi wa Milton Obote wakivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa, na Mapatano ya Mogadishu yakafuata mwezi Oktoba. Kila anayelaumu huchagua tarehe ya kuanzia kuhesabu, na mara nyingi uchaguzi huo wa tarehe ndiyo hoja yenyewe.

Hilo linaonekana wazi zaidi kwa jirani zetu hao hao walipoingia katika ugomvi wa vyama. Chama cha UPC kilitangazwa mshindi wa uchaguzi wa Desemba 1980, matokeo yakapingwa, tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake wakaishambulia kambi ya Kabamba. Anayeanza kuhesabu Desemba husema vita vililetwa na walioiba kura. Anayeanza Februari husema vililetwa na waliofyatua risasi ya kwanza. Katika kampeni za mwaka 1996, upande wa Museveni ulitumia picha za mafuvu ya Luweero kuwaonya wapiga kura dhidi ya mpinzani wao Paul Ssemogerere, aliyekuwa ameshirikiana na UPC. Mafuvu hayasemi ni nani aliyeua. Ndiyo maana yanafaa sana kwa kampeni.

Kwetu Tanzania, ugomvi wa vyama uliporudi mwaka 1992, hapakuwa na vita vya zamani vya kugombania. Lawama ikalazimika kuhamia njeo ijayo. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilikuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, na tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo. Kisha, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa Oktoba 1995, yalikuja ya Burundi mwaka 1993 na ya Rwanda mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Si haki kudai kwamba hofu ya vita ilibuniwa na chama fulani. Hofu ilikuwa ya kweli. Kilichobuniwa ni sentensi iliyoikamata: "Mkiwachagua hawa, wataleta vita."

Sentensi hiyo haiwezi kukanushwa. Kiambishi -ta- kinaitupa mbele, na kwa kuwa hawakuchaguliwa, hakuna siku itakayofika ya kuipima. Upinzani nao una yake: "Wakiiba kura, hatutawajibika kwa yatakayotokea." Sikilizeni hiyo yatakayotokea. Mambo yatatokea yenyewe, pasipo mkono wa mtu. Nikilinganisha, naona vitisho hivi viwili vimetoka kiwanda kimoja, ingawa havina nguvu sawa: mmoja wa wasemaji ana polisi, mwingine hana.

Zanzibar ilionyesha bei ya mchezo huu. Katika kampeni za mwaka 2000, wafuasi wa CUF walijiita "ngangari", yaani wasiotishika; Mkuu wa Jeshi la Polisi, Omar Mahita, akajibu kwamba polisi ni "ngunguri". Watu walicheka, na wanaisimu tulifurahia uundaji wa maneno. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji, Pemba hasa. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Mjadala uliofuata ulikuwa juu ya chama: CUF ilileta shari, au CCM iliua? Sentensi zote mbili zina chama mahali pa mtenda, na zote mbili zinamwacha afisa aliyetoa amri aende nyumbani. Muafaka wa Oktoba 2001 ulitiwa saini na vyama. Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, nayo yalikuwa mafanikio ya vyama, na siyadharau. Lakini wafiwa wa Pemba hawakuwa chama.

Na sasa tunayo 2025. Chama kikuu cha upinzani Bara, CHADEMA, hakikuwamo katika karatasi ya kura ya tarehe 29 Oktoba. Siku hiyo maandamano yalianza, watu waliuawa, intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Idadi ya waliokufa imetajwa kwa tarakimu zinazopishana sana. Rais alipoapishwa hapa Dodoma tarehe 3 Novemba, alisema kwamba baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Mwanafunzi wa sarufi atatambua hapo kitenzi leta kikifanya kazi hata pasipo kutamkwa. Atatambua pia, upande wa pili, maelezo marefu ambamo watu waliochoma mali "walichomewa" na historia.

Nataka kulitaja neno moja la uwanda huu. Mwaka 1916 Wajerumani walirudi nyuma, na Waingereza wakaiingia Dodoma mwezi Julai. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe wa Wagogo, nafaka yao, na wanaume wao kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliua watu wanaokadiriwa kufikia 30,000 kati ya Wagogo 150,000. Mwanahistoria Gregory Maddox ameandika juu yake. Wagogo waliiita Mtunya, yaani kung'ang'aniana. Waliookoka waliupa wakati ule jina la kile watu walichotendana, na hawakuuita kwa jina la Mjerumani wala la Mwingereza. Wapo watakaosema kwamba jina hilo nalo linaficha watenda. Kweli linawaficha. Ila linasema waziwazi nini kilitendeka, jambo ambalo "machafuko" hayasemi.

Kwa wanafunzi wa uzamili waliomo ukumbini, kazi ipo. Chukueni Taarifa Rasmi za Bunge tangu 1992, mhesabu kila mahali ambapo vita, fujo, vurugu au machafuko yanatajwa, mwandike kitenzi chake, njeo yake, na chama cha msemaji. Kisha mwandike ni mara ngapi mtenda ni mtu mwenye jina na cheo. Nadhani safu hiyo ya mwisho itakuwa fupi sana.