Safari ya Kopo la Makohozi

Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu ndani ya makohozi na kutoa majibu kwa muda usiofika saa mbili, ikieleza pia kama bakteria hao ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Darubini, tuliyoitegemea tangu Robert Koch alipomtangaza bakteria huyo mwaka 1882, huhitaji maelfu yao katika mililita moja ndipo mtaalamu awaone. Matumaini yalikuwa makubwa, na kwa haki. Hata hivyo, miaka 13 baadaye, kati ya wagonjwa wapya waliogunduliwa duniani mwaka 2023, ni asilimia 48 tu walioanza kwa kupimwa kwa teknolojia ya kisasa ya haraka.

Wengi hulaumu bei, na bei haikuwa jambo dogo. Lakini bei ya katriji, kikasha kinachobeba sampuli ndani ya mashine, ilishushwa chini ya dola 10 mwaka 2012, kisha ikakaribia dola 8 mwaka 2023, na pengo bado lipo. Nadai kwamba kikwazo kikubwa kiko njiani. Mgonjwa anakohoa zahanati; mashine iko hospitali ya wilaya. Kopo lake linasubiri pikipiki ya siku ya zamu, likifika linakuta umeme umekatika, na majibu yakitoka yanalala kwenye faili huku mwenyewe amekwisha kurudi shambani. Mashine yenyewe haivumilii chumba chenye joto kali, na moduli zake, sehemu zinazopokea katriji na kuzipima, zinataka ukaguzi kila mwaka. Moduli mbili kati ya nne zikifa, nusu ya uwezo imekwenda, ilhali kwenye ripoti mashine inahesabiwa kuwa ipo.

Kuna hoja nzito dhidi yangu. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2014, uliipeleka mashine hadi kliniki ikaendeshwa na wauguzi. Wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ileile, lakini baada ya miezi kadhaa hali zao hazikutofautiana na za waliopimwa kwa darubini. Je, si bure basi? Hapana. Waganga walikuwa tayari wakiwaanzishia dawa wengi kwa kutazama dalili tu, na hilo ndilo lililoziba tofauti. Tiba ya kukisia ina gharama yake: asiye na ugonjwa humeza vidonge miezi sita, na mwenye bakteria sugu hupewa dawa isiyomfaa.

Uganda imetupa jibu bora zaidi. Katika vituo vya afya 20, nusu viliendelea na darubini na kutuma sampuli mbali. Nusu vilipewa mashine ndogo papo hapo, utaratibu wa kumhudumia mgonjwa ukapangwa upya, na watumishi wakawa wanarudishiwa takwimu za kazi yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanaonyesha kuwa waliothibitishwa na kuanza dawa ndani ya siku 14 walikuwa 342, dhidi ya 220. Wakosoaji watasema hatujui ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichofanya kazi. Ni kweli, na sioni haja ya kuvitenganisha, kwa sababu mgonjwa hukutana navyo vyote kwa pamoja. Kwa hiyo bajeti ya kila mashine ibebe mafuta ya pikipiki, ukaguzi wa moduli na simu ya kumwita mgonjwa, na ripoti ya wilaya ihesabu siku zilizopita kati ya kopo na kidonge cha kwanza.