Kipimo Kitufuate Njiani
(Maneno yaliyonenwa katika mkutano wa tawi)



Waliotutangulia wamenena habari za mishahara. Sisi wa genge la njia twaleta neno la afya, nanyi mtuvumilie kidogo.

Kazi yetu mwaijua. Twaondoka nyumbani Jumatatu, twalala kambini kando ya reli, na tukirudi Jumamosi jioni kliniki imekwisha fungwa. Basi tukiambiwa tukapimwe virusi vya UKIMWI twaitikia "ndiyo", na mwaka wapita. Tena tuseme kweli, si saa tu: twaogopa kuonekana katika foleni ile. Mwenzetu mmoja alificha kukonda kwake mpaka akashindwa kuinua nyundo. Ashukuriwe Mungu, yu hai na anakunywa dawa, lakini kazi ya nyundo haiwezi tena.

Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilizindua kipimo cha kujipima mwenyewe. Kile cha mdomoni hakitaki damu. Wapangusa ufizi wa juu mara moja na wa chini mara moja, watia kijiti katika kichupa chake, wangoja dakika 20, wala usisome baada ya dakika 40. Mistari miwili si hukumu. Ni kwenda kliniki upimwe tena, upate hakika. Ukiona mstari mmoja penye herufi C, na hatari ilikuwa ya karibuni, rudia baada ya miezi 3. Aliyekwisha anza dawa za virusi asikitumie, maana chaweza kumdanganya.

Je, wanaume watakubali? Huko Kisumu wanawake 600 wa kliniki za uzazi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipewa vipimo wapeleke nyumbani, la pili walipewa barua za kuwaita waume zao kliniki. Habari zake zilitolewa mwaka 2016: katika miezi 3, fungu la vipimo wanaume wapatao 91 katika kila 100 walipimwa, fungu la barua, 52 tu. Barua twazijua sana sisi, hukaa mfukoni mpaka zichakae.

Lakini twaonya: sanduku la vipimo lisikae mezani kwa mnyapara. Sheria ya mwaka 2006 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ndipo apate kazi au abaki kazini. Jibu ni la mwenye mdomo, si la bwana mkubwa.

Katika duka la dawa kipimo huuzwa, na kibarua mwenye shilingi hizo atanunua unga kwanza. Kwa hiyo twaomba Kamati iende kwa wakuu wa afya wa kaunti, ipate vipimo vya bure, vigawanywe na wajumbe wetu wenyewe katika kila kambi, bila kuandika jina la mtu. Na wajumbe hao wafundishwe kwanza, wajue kliniki ipi hufunguliwa Jumamosi, ili mwenye mistari miwili asiachwe peke yake gizani.

Tawi likikubali, sisi wa genge tuko tayari kulichukua sanduku la kwanza.